Kanga kwenye Mguu wa Meza

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni hii ya juzi juzi tu, wakati mchele bado ukipimwa kwa kopo, mtaa wa Kichangani ulikuwa na soko lake. Soko dogo. Ukipiga chafya mlango wa mbele, mtu wa mlango wa nyuma anakwambia afya!

Soko hilo lilikuwa na desturi. Muuzaji akifiwa, akiuguliwa au akijifungua, meza yake hailali. Anafunga kanga kwenye mguu wa meza, anamgeukia jirani, anamwambia, "Nishikie." Jirani anajibu, "Nimeshika." Basi, imekwisha hiyo, hakuna shahidi wala karatasi. Jirani atauza, na mapato atampelekea mwenyewe. Kanga ikiwapo mguuni, meza ina mwenyewe. Kanga ikitoka, meza haina mtu, na aliyekuwa akiishika anaichukua.

Sasa, meza ya mlangoni ilikuwa ya Bi Tunu, muuza mboga. Kando yake, chini kabisa, juu ya gunia, aliuza Siwema. Siwema hakuwa na meza. Mjane yule, ana watoto, ana mafungu yake ya nyanya, na kila mvua ikinyesha maji yanampitia miguuni. Alikuwa akiitazama meza ya Bi Tunu na kujisemea moyoni, ipo siku na mimi nitauza nimesimama.

Siku moja Bi Tunu akaletewa habari kutoka kwao bara kwamba mama yake amepooza. Akavua kanga mabegani, akaifunga mguuni mwa meza.

"Siwema mwanangu, nishikie."

"Nimeshika, mama. Nenda ukauguze."

Akaenda. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, mwaka ukapinduka. Siwema akauza, mapato akampa kondakta wa basi ayafikishe. Ikafika siku Bi Tunu akarudisha salamu kwa kondakta yuleyule: "Mwambie Siwema asitume tena. Ale yeye na wanawe." Hakusema zaidi. Siwema akala, lakini kanga hakuigusa.

Jua likaichoma kanga, mvua ikaiozesha, ikabaki uzi tu. Wenzake wakamnong'oneza, "Wewe, iache idondoke yenyewe. Ikidondoka, meza yako." Na Siwema alijua. Alikuwa akiiangalia kila asubuhi, na kila asubuhi moyo ukimwenda mbio. Mnajua alifanya nini? Alikwenda dukani, akanunua kanga mpya, kwa jasho lake, akaifunga palepale pa ile ya zamani! Wenzake wakashika vichwa.

"Siwema, una wazimu?"

"Nilisema nimeshika," akajibu, akaendelea kumwagia mchicha maji.

Haya. Miaka ikaenda, soko likaanza kufa. Mikokoteni ikawa inapita mlango hadi mlango na mboga mbichi, nani tena atoke kwake kufuata bamia sokoni? Meza zikabaki wazi. Manispaa ikatoa tangazo kwamba soko litavunjwa, pawe maegesho ya magari. Siwema akawa kila jioni anamwaga mchicha ulionyauka, na huku machozi yanamtoka.

Akapita mwanamume mmoja, Msafiri jina lake, aliyekuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara. Barabara ilikwisha, na kazi ikaisha nayo.

"Dada, mboga yote hiyo unaimwaga ya nini? Nipe niipike."

"Mimi kupika sijui, kaka. Hata wanangu wananicheka."

"Wewe nipe mahali pa kuweka jiko."

Siwema akamwekea jiko nyuma ya meza. Msafiri akaunga mchicha kwa nazi, akatupia dagaa, akasonga ugali. Lo! Mafundi wa gereji wakaja, walimu wakaja, hata wale wenye mikokoteni wakaegesha wakaja. Mwenye mchele naye akaona, akainjika pilau. Mwenye samaki akaanza kukaanga. Soko la vibichi likawa soko la vilivyoiva. Watu wa manispaa walipofika na kamba zao kupima pa kuvunja, ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wakaketi. Wakala. Wakaongeza. Wakaondoka bila kupima kitu.

Ndipo manispaa ikabadili shauri. Badala ya kuvunja ikajenga: paa jipya, vigae, mabomba ya kunawia, benchi ndefu za walaji. Pakaitwa ukumbi wa vyakula, ingawa wenye mtaa waliendelea kupaita sokoni. Amri ikatoka: kila meza ya zamani itapata kizimba kimoja, jina moja, ufunguo mmoja.

Siku ya kugawa funguo, basi la bara likamshusha Bi Tunu na kifurushi chake. Mama amezikwa, kaka zake wameuza nyumba, hana pa kushika. Akaja moja kwa moja mlangoni. Meza ilikuwa imetolewa nje kupisha ujenzi, na kanga mguuni. Bi Tunu akakaa chini akalia. "Siwema, ulinishikia kweli!" Siwema akamkumbatia. Alifurahi kumwona, wallahi alifurahi, na papo hapo macho yakamwenda kwenye kizimba kipya.

Mwenyekiti wa soko, Bwana Kilindo, akawaita wote watatu, Bi Tunu, Siwema na Msafiri, mbele ya watu.

Bi Tunu akasema, "Soko hili nilianza nalo likiwa tope. Udongo wa kufukia hapo mlangoni niliubeba kwa kichwa changu. Nilifunga kanga, nikasema nishikie, sikusema chukua. Kweli, kanga hii siyo yangu. Yangu ilikuwa ya nakshi ya korosho. Lakini aliyeifunga alijua anamfungia nani. Leo sina mama, sina nyumba. Nina meza tu."

Msafiri akasema, "Mimi desturi yenu sikuikuta kwetu, lakini naiheshimu. Naomba mniambie jambo moja. Watu walikuja kufuata meza, au walikuja kufuata chungu? Pasingekuwa na mkono wangu, hapa leo pangeegeshwa magari, na kanga ingefungwa kwenye nini? Miaka yote nimepika nyuma ya meza ya watu. Sitapika tena nyuma ya jina la mtu."

Wote wakamgeukia Siwema. Alikuwa amezoea kunyamaza, na wengi walidhani atasema mpeni mama. Akasimama. Akasema:

"Nakitaka. Nisiseme uongo, nakitaka kizimba hiki. Mama alisema nile, nikala, lakini sikusema ni changu. Nilimpa kaka mahali, na jiko tulichochea pamoja, faida tukagawana bila kugombana. Ningeiacha ile kanga idondoke, leo tusingeitana hapa. Niliifunga mwenyewe. Sasa nimechoka kushika vya watu. Nataka na mimi niulizwe, hiki cha nani, niseme changu."

Bi Tunu akainamisha uso. Msafiri akajikuna shingo.

Najua wewe uliyekaa huko nyuma unataka kusema wagawane. Kaa kitako! Jina ni moja, Msafiri amekwishasema lake, na Bi Tunu hataki kuwa mgeni mezani kwake. Ukimpa huyu, yule anatoka na kifurushi. Ukimpa yule, huyu anarudi kwenye gunia.

Bwana Kilindo amesimama, ufunguo uko kiganjani, na watu wote wa soko wanamtazama yeye. Naye, masikini, anawatazama ninyi. Aliyeianzisha meza, aliyeishika, na aliyeipa uhai. Haya, semeni, msiniangalie mimi: ufunguo ule ulikuwa haki ya nani?