Mkongojo wa Mwatime

Hadithi imebisha hodi, mfungulieni.

Paliondokea mke mmoja, Mwatime, mwenye mguu uliopooza na mkongojo uliosema kama mtu. Mke mwenzake, Zuena, alikuwa na miguu miwili mizima na moyo unaowaka. Kila siku Mwatime alimaliza kazi kwanza, na mume akamsifu. Zuena akawaza, "Ule mkongojo ndio unaomfanyia." Alfajiri akauiba.

"Mkongojo, teka maji."

"Nishike twende." Zuena akateka mwenyewe.

"Mkongojo, kata kuni."

"Nishike twende." Akakata mwenyewe.

"Mkongojo, twanga mpunga."

"Nishike twende." Akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Akarudi nyumbani, akautupa chini. "Mwenzangu, mkongojo wako haufanyi kazi."

"Kazi nafanya mimi, mwenzangu. Huo hunishika tu nisianguke."

Mwatime alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, vyombo vyote amevipanga pale mkono unapofika, na wali wa nazi umeshaiva.

Zuena akautazama wali, kisha akaitazama ile mbuzi, akaitazama sana. Jioni mbuzi haikuonekana.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiiona hiyo mbuzi, mrudishieni mwenyewe, nazi zinamngoja.