Ukumbi wa Ngoma wa Kidzangoni

Kamati ya Bunge ilikaa kuamua ukumbi wa ngoma wa Kidzangoni ni wa nani, ili mwenyewe akabidhiwe funguo. Wizara ilisema imeujenga. Kaunti nayo ilisema imeujenga, na kwa bahati njema ripoti zao zilikuwa na picha ileile. Bi Mejumaa, ambaye kikundi chake cha ngoma ndicho kilichofyatua matofali na kuujenga, aliitwa kutoa ushahidi.

"Mama, nani alijenga?" mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi ni nani nibishane na serikali mbili? Nina swali moja tu. Ule ukuta wa nyuma ukimwangukia mtu akafa, atafungwa nani?"

Afisa wa wizara alikumbuka ghafla kwamba wao walitoa ushauri tu. Waziri wa kaunti akaapa kwamba yeye alikwenda pale kukata utepe na kunywa soda.

"Basi iandikwe kwamba si wa wizara wala wa kaunti," Bi Mejumaa alisema. "Ni wetu."

Mwenyekiti aliandika, akatia sahihi. "Na huo ukuta mbovu mtaufanyaje?"

"Ukuta upi mbovu, Mheshimiwa? Mimi niliuliza tu."