Kompyuta Mpya ya Mwalimu Mkuu

Ndugu zangu, mwalimu mkuu mmoja alinunua kompyuta. Mpya, imetoka kwenye boksi, kioo chake bado kina nailoni. Wiki hiyohiyo mdogo wake, aliyekuwa kijijini akimuuguza mama yao, akamtumia DVD kwa basi.

"Dada, mama ameongea," alisema kwenye simu. "Tulimwita yule mpiga picha za harusi akamrekodi. Iangalie upesi."

Mwalimu akaitumbukiza. Kompyuta ikavuma kidogo, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuicheza. Akaitoa, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Yaleyale. Akapiga simu.

"Umenitumia DVD tupu."

"Si tupu, dada. Nimeiangalia kwa jirani kabla sijaituma."

"Kompyuta yangu ni mpya kabisa! Tatizo litoke wapi kama si kwako?"

Mnaona alivyowaza? Changu ni kipya, basi kasoro iko kwako. Akafukua na ya zamani, kwamba mdogo wake huyu alikuwa mwongo tangu utotoni. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Mwalimu alikwenda kuzika, akalala kwa shangazi, akarudi bila kumsalimia mdogo wake. Jumapili iliyofuata aliimba kwaya kama kawaida. Je, mtu wa namna hiyo hatumjui?

Mwaka ukapita. Siku moja fundi alikuja kuunganisha printa, akaiona ile DVD juu ya kabati.

"Hiyo mbovu," mwalimu akasema.

Fundi akaigeuza kwenye mwanga. "Hii nzima, mwalimu. Kompyuta nyingi mpya haziji na programu ya kuchezea DVD. Pa kuitumbukiza unapo, ila cha kuisomea hakimo. Ngoja nikuwekee."

Hazikuisha dakika kumi. Mama yake akatokea kwenye kioo, amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mwanangu, najua una kazi nyingi, sikulaumu. Mdogo wako ndiye ananiogesha na kunilisha, wala hajasema amechoka. Nikiondoka atabaki peke yake. Usimwache."

Mwalimu alilia mpaka fundi akatoka nje. Kisha akapiga simu.

"Nimemwona mama. DVD ilikuwa nzima. Kompyuta ndiyo iliyopungukiwa."

Mdogo wake akauliza taratibu, "Kompyuta peke yake, dada?"

Kesho yake asubuhi mwalimu akapanda basi la kijijini.

Wapendwa, swali lile ni letu. Tuliookoka juzi na tuliobatizwa zamani, nani alitudanganya kwamba upya ni ukamilifu? Mtu anatuletea neno, halituingii, tunasema halina kitu. Ni wangapi tumewaita waongo, kumbe sisi ndio tuliokosa cha kuwasikilizia? Tunamwomba Mungu aseme nasi. Leo tumwombe kwanza atuwekee ndani kile tulichopungukiwa. Na kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeacha kumsalimia. Tukitoka hapa, kabla ya chakula cha mchana, tumpigie.