Kiboko, Mashine ya Kahawa na Chungu Nzima

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kahawa!
— Kahawa ya nani?
— Ya mwenye nayo!
— Na sisi je?
— Sisi tuna vikombe!

Haya, shikeni vikombe vyenu, msinimwagie.

Alikuwapo Kiboko, mnene, mwenye nguvu, na roho ya kutaka kila kitu. Ngeli za Kiswahili alizikataa zote, akabaki na neno moja tu: yangu. Mti yangu. Kiti yangu. Kijiji yangu. Nani amsahihishe, na yale meno?

Siku moja Kiboko akanunua mashine mpya ya kahawa, inang'aa kama sinia la harusi. Mashine anayo, buni hana. Akaenda kwa jirani yake Bi Kindi, akamkuta ndiyo kwanza amemaliza kukaanga buni za harusi ya binti yake. Akazizoa zote. "Buni yangu!" akasema, akaenda kuzirundika uani kwake, rundo likafika dirishani.

Bi Kindi akalia. Harusi ni Ijumaa, na harusi bila kahawa ni aibu ya ukoo. Wageni watasema mpaka wajukuu wasikie. Alipochoka kulia akafuta macho, akajifunga kibwebwe, akamfuata Kiboko.

Akamkuta na wageni wake, Nyati, Twiga na Kasuku, walioalikwa kuionja hiyo mashine. Vikombe vimejaa, hakuna anayekunywa.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kikombe yangu inanuka kandambili!"

Kiboko akanywa, akatema, pwaa! Nyati akalowa.

"Mashine mpya hiyo," akasema Bi Kindi. "Umeiosha koo?"

"Koo?"

"Hupitishwa kwanza maji matupu, mara tatu, ndipo utie buni. Nikikutengenezea, utanirudishia buni zangu?"

"Tengeneza kwanza!"

Bi Kindi akapitisha maji. Fssss! Fssss! Fssss! Kandambili ikatoka. Kiboko akasaga buni mwenyewe, kwa pupa, akawasha. Ngrrrr! Churuuuu! Kikombe kikajaa kabla hujapiga chafya. Kiboko akanywa, akatema, pwaa! Twiga akalowa, lakini mpaka magotini tu.

"Chachu! Ulimi yangu imekatika!"

"Umesaga chengachenga," akasema Bi Kindi. "Maji yanapita mbio, yanauacha utamu nyuma. Nikikutengenezea, utanirudishia buni zangu?"

"Tengeneza kwanza! Tena buni ni yangu!"

Hapo Bi Kindi akaelewa kwamba huyu, hata umnyweshe asali ya peponi, harudishi punje. Akakisogelea kile kinu cha kusagia, akakikaza, akakikaza tena, buni zikatoka laini kama poda ya mtoto. Makusudi, wenzangu! Makusudi kabisa!

Ngrrrr! Kisha tone moja... tii. Kimya. Tii. Nyati akasinzia. Tii. Kiboko akanywa, akatema, pwaa! Kasuku akalowa, akaanguka kwenye kiti.

"Chungu! Chungu! Mdomo yangu yote chungu!"

"Oo, chungu," akasema Bi Kindi kwa upole. "Chungu ni kazi nyingine. Hiyo siifanyi bure."

Nyati akatazama mlango. Twiga akachukua mkoba wake. Kiboko akaona aibu inabisha hodi. Basi akakikumbuka chungu chake kidogo cha maharage, kilichovunjika mdomo, kiko jikoni. Akacheka moyoni, maana hicho hata kikijaa buni hazizidi viganja vinne.

"Sawa," akasema. "Nitakupa chungu nzima."

"Nini?" Bi Kindi akatega sikio. "Sikusikia."

"Chungu nzima! Nitakupa chungu nzima ya buni! Wewe kiziwi?"

"Kasuku, umesikia?"

"Chungu nzima!" akasema Kasuku. "Chungu nzima ya buni!"

Bi Kindi akakilegeza kinu kidogo, buni zikasagika kama mchanga. Ngrrrr! Fssss! Kahawa ikashuka taratibu, nyembamba kama uzi, na povu lake rangi ya kashata. Kiboko akanywa. Wageni wote wakajifunika nyuso. Kiboko akameza.

"Mmmmh!"

Nyati akanywa: mmmmh! Twiga akanywa, tukangoja, tukangoja, ilipofika chini: mmmmh!

Kiboko akaenda jikoni, akaleta kile chungu cha maharage. "Haya, jaza, uende zako."

"Hicho ni chungu cha kupikia, Bwana Kiboko," akasema Bi Kindi. "Ungekitaka hicho, ungesema chungu kizima. Tena hata kizima si kizima, kimevunjika mdomo. Wewe umesema chungu nzima, na chungu nzima ni tele. Ni lile rundo lote."

"Nilisema hii!"

"Chungu nzima!" akapiga kelele Kasuku, angali amelowa. "Chungu nzima ya buni!"

Kiboko akafunua meno. Bi Kindi akashika kinu. "Nikaze?"

"Usikaze!" wakaruka Nyati na Twiga, ambao walikuwa wanangoja kikombe cha pili. "Mpe! Mpe!"

Kiboko akatazama mashine. Akatazama wageni. Akatazama rundo. Jasho likamtoka, midomo ikamcheza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akapatanisha ngeli.

"Chukua buni... zako."

Ukoo wa Kindi ukaja, kwatu kwatu kwatu, haikubaki punje. Ijumaa watu walikunywa mpaka kashata zikaisha.

Hadithi yangu imekauka hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, mtemeeni jirani. Na funzo lake ni hili: ujanja ni dhambi, mashine mpya haioshwi, na sarufi haijamfaa mtu tangu dunia iumbwe. Mwalimu akikuuliza nani kasema, mwambie ni mimi. Halafu kimbia.