Ndoo Arobaini za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, milango na umeme, bonde zima lilichoka. Lakini aliyechoka kupita wote alikuwa Kindi.

Mtambo wa umeme ulikuwa wa Kiboko. Ukame ulipokausha bwawa la mtambo, alifunua mkataba wake na wanabonde akasoma: "Balaa lisilotazamiwa litabebwa na watumiaji." Kumbe maneno hayo yalisomwa siku ya sherehe ya kutia sahihi, ngoma zikilia! Basi kila nyumba ikaamriwa kuchota ndoo arobaini kwa siku kutoka chemchemi ya mlimani, na kuzimwaga bwawani. Asiyetimiza, pap! anakatiwa umeme.

Na Kindi alikuwa na mapacha waliozaliwa kabla ya miezi yao, wamelazwa chini ya taa ya joto.

Siku ya tisa, ndoo bado kichwani, akaenda kwa Bi Kobe, mdhibiti wa umeme.

"Mashauri haya nimeyasikia hadi gamba linauma," Bi Kobe aliguna. "Balaa asiloliona yeyote, mtabeba. Aliyeliona kabla ya mkataba akanyamaza, abebe mwenyewe. Una ushahidi?"

"Sina. Mwite tu."

Kiboko akaja, di! di! di!

Kindi akatua ndoo. "Bi Kobe, nimekuja kumwombea mzee huyu. Kule chemchemini wanamcheka. Eti siafu waliujua ukame, chura aliujua, hata konokono! Kiboko peke yake, na kichwa chote kile, hakujua. Nawaambia mwacheni, maskini, ni mzito wa kuelewa."

"Nani mzito?"

"Si kosa lako, babu. Ni uzee."

"Uzee wa nyoko! Mimi niliuona kabla yao wote! Lile dimbwi langu la kuogea nyuma ya nyumba, mnadhani nililichimba na kulijaza maji lini? Miezi mitatu kabla ya mkataba!"



Bi Kobe akachovya kalamu. "Rudia, mzee. Kabla ya nini?"

Kiboko akafumba domo, lakini neno lilikwisha kutoka.

Jioni ile alionekana akipanda mlima, akihema he! he! he! ndoo mkononi, na lile dimbwi lake likafunguliwa limwagikie bwawani. Majirani wa Kindi wakapiga vigelegele. Kindi hakuwa na nguvu za kigelegele. Alikaa kando ya taa, akasikiliza pumzi mbili ndogo, akasinzia ameegemea ndoo tupu.

Nanyi mshike hili: aliyeliona shimo akanyamaza, alifukie mwenyewe.