Fisi na Kiporo cha Nyumba ya Simba

Siku zile Fisi alikuwa bado anakaribishwa katika nyumba za wenzake, akipewa kigoda na kuulizwa habari za watoto. Mwaka huo mvua za vuli zilipita juu ya bonde la Mkwajuni bila kuteremka. Mawingu yalikuja, yakanguruma kidogo, yakaenda zake kunyeshea wengine. Mtama ukakauka kabla haujafika magotini mwa Swala. Kila mwenye ghala akawa anachungulia ndani kwa mashaka, kisha anatoka nje akitabasamu, jirani asije akajua.

Aliyetabasamu kuliko wote ni Simba. Nyumbani kwake, njaa au shibe, mgeni aliandaliwa ugali kama kichuguu na nyama juu yake. Hata aliyepita kuuliza njia alishikwa mkono akaketishwa mkekani.

"Baba watoto," alisema mkewe siku moja, "ghala limeshuka. Tupunguze kidogo. Mgeni akija, tumpe uji."

"Uji!" Simba alisimamisha manyoya ya shingo. "Mgeni wa Simba anywe uji? Unataka Nyani akatangaze habari hiyo juu ya kila mti?"

"Basi tuwaulize majirani wao wanafanyaje."

"Simba haulizi mtu namna ya kuishi."

Bi Simba alirudi jikoni. Lakini nje ya ua kulikuwa na masikio mawili ambayo hayakuwa na haraka ya kuondoka. Yalikuwa ya Fisi, aliyepita hapo kwa kuwa alinusa mchuzi. Aliposikia habari ya ghala, alisahau mchuzi akapata wazo.

Kesho yake alikuja amechana nywele, anatembea taratibu kama mtu wa heshima.

"Mzee Simba," alisema akiinama, "nimekuja kwa siri. Najua nyakati ni ngumu, na najua mkubwa kama wewe hawezi kwenda kuuliza kwa wadogo. Mimi ni mtaalamu wa kubana matumizi. Nikabidhi jiko lako, na nje hatajua mtu."

Simba alimtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe Fisi? Mlafi wewe ubane matumizi?"

"Hebu niambie, mzee. Umewahi kumwona Fisi akitupa mfupa?"

Simba alifikiri. Kweli, hakuwahi.

"Ngozi je? Kwato? Umewahi kuviona kwenye jalala langu?"

Simba alikiri kwamba hata jalala lenyewe hakuwahi kuliona. Kwa maneno hayo tu Fisi akapewa jiko, na tangu siku hiyo akataka aitwe Mwalimu.

Masomo yakaanza. "Kwanza," Mwalimu alimwambia Bi Simba, "pika mara moja tu kwa siku, lakini sufuria ijae. Kuwasha moto mara mbili ni hasara." Hilo lilionekana la maana. "Pili, watoto wale kidogo, maana tumbo la mtoto hutanuka kama kiriba, na likishatanuka halirudi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kiporo ni sumu. Chakula kikilala, kinaleta maradhi, na mganga anadai mbuzi. Usile kiporo hata kidogo. Nipe mimi nikakitupe mbali, kule korongoni, watoto wasije wakakiokota."

Basi kila jioni Bi Simba alipika sufuria kubwa, watoto wakaonja, na Fisi akaondoka amejitwika kilichobaki, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sumu tupu hii," alikuwa akisema njiani. "Sumu tupu!"

Wiki zilipita. Watoto wa Simba, waliokuwa wakipigana mieleka kutwa nzima, sasa walikaa kivulini wakitazamana. Ghala nalo, badala ya kutulia, lilishuka kwa kasi kuliko zamani. Fisi, kwa upande wake, alianza kupumua kwa shida kwa sababu ya kitambi.

"Mwalimu, mbona ghala linaisha?" Bi Simba aliuliza.

"Ni kwa sababu mnakula bado," Fisi alijibu. "Punguzeni tena."

Usiku huo mtoto wa mwisho wa Bi Simba alilamba mwiko mkavu mpaka akalala nao mdomoni. Bi Simba alimtoa mwiko huo taratibu, na moyo ukamchoma. Asubuhi alitoka bila kumuaga mumewe, akashika njia ya kwa Sungura. Alibeba kigae mkononi, aseme amekuja kuomba moto.

Kwa Sungura alikuta kelele za watoto wanaokimbizana. Mke wa Sungura alikuwa akimwaga maji ya vyombo kwenye mchicha, nao ulikuwa umesimama kijani wakati bonde zima limekauka. Jikoni, maharage yaliyolowekwa tangu jana yalichemka polepole chini ya kifuniko kilichowekewa jiwe. Makaa mengine yalifukiwa majivuni yasizimike wala yasiishe. Watoto walipochoka kukimbia, walizunguka bakuli la ugali wa jana, uliotiwa maziwa ya mgando, wakaula huku wakicheka.

Bi Simba aliangusha kigae. "Mnawapa watoto kiporo?"

"Tuwape nini asubuhi yote hii?" aliuliza Sungura, aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Lakini kiporo ni sumu!"

"Nani kasema, mama?"

"Mwalimu Fisi."

Sungura alisimamisha sikio moja, kisha la pili. "Na hiyo sumu, anaipeleka wapi?"

Bi Simba alianza kueleza habari ya korongo, na alipofika katikati ya sentensi, yeye mwenyewe alisikia maneno yake yalivyo. Aliketi chini akashika kichwa. "Wanangu," alisema. "Nimewanyima wanangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Usilie, mama. Tumalize jambo hili kwanza, kulia kupo." Sungura alikuna kidevu. "Ukienda kumwambia mzee nyumbani, hataamini. Kukubali kwamba amedanganywa na Fisi ni kazi nzito kwa mtu mwenye manyoya kama yale. Inabidi Fisi aseme mwenyewe. Leo jioni mpe sufuria iliyojaa kama kawaida. Kesho mlete mzee kisimani. Na mvua ikinyesha usinisahau, maana akili nayo huchoka, yataka ujira."

Kesho yake wanyama walikuwa wamejipanga kisimani kuchota maji machache yaliyobaki. Simba alikuwapo, amesimama kama mwenye kisima. Fisi naye alikuwapo pamoja na mke wake na watoto wao, wote wamenona kama ngoma. Mara Sungura akaja mbio, kibuyu begani.

"Jamani! Jamani! Kuna hatari!" alilia. "Jana Bi Simba alitega dawa ya panya jikoni, ikamwagikia kwenye chakula! Alikuja kwangu asubuhi anatetemeka!"

Wanyama wakashtuka. Simba akamgeukia mkewe, naye akainamisha macho asije akacheka.

"Lakini tumshukuru Mungu," Sungura aliendelea, "watu wa mzee walikuwa wameshapakuliwa. Na kilichobaki, Mwalimu Fisi alikwenda kukitupa korongoni. Si ndivyo, Mwalimu?"

"Ndivyo," alisema Fisi. "Nilikitupa chote."

"Afadhali! Maana sumu ile haiui. Hung'oa meno tu. Jua likifika utosini, yanadondoka yote, moja baada ya jingine. Dawa yake ndiyo hii, maji ya mwarobaini. Ila sasa haina kazi. Ngoja niimwage."

Akaanza kuinamisha kibuyu.

"Subiri!" Fisi alisema. Alikuwa akipapasa meno kwa ulimi. "Mimi... nilionja kidogo. Kuhakikisha kwamba kweli kimeharibika."

"Kijiko kimoja?"

"Kimoja."

"Basi funda moja linakutosha."

Fisi alitazama jua. Lilikuwa linapanda. "Viwili," alisema. "Vitatu hivi."

"Mwalimu, sema kweli. Dawa hii hupimwa kwa kiasi cha chakula. Ukikosea kipimo, magego hayaponi."

"Sufuria nzima!" Fisi alipiga kelele. "Nimekula sufuria nzima! Nipe!"

"Na ya juzi?"

"Na ya juzi! Na zote! Nipe dawa!"

Alimrukia Sungura, akanyakua kibuyu, akakigeuza mdomoni. Mwarobaini ni mchungu hata ukitajwa tu, lakini Fisi aligugumia huku machozi yakimtoka. Mkewe akamvuta mkono. "Baba watoto, tubakizie! Na sisi tulikula! Meno ya wanao!" Fisi akampa mgongo, akakimaliza kibuyu chote hadi tone la mwisho, asimwachie mtu. Hata uchungu aliula peke yake.

Alipokishusha kibuyu, kisima kizima kilikuwa kinamtazama.

"Hakuna sumu, mama," Sungura alimwambia mke wa Fisi. "Meno yenu ni mazima. Kilichokuwa sumu ni ulimi wa mumeo."

Simba alisogea hatua moja. Hakunguruma, na hilo liliwatisha wanyama zaidi. "Wanangu wamelala na njaa," alisema, "na mimi nilikuita Mwalimu." Kisha akakumbuka kwamba bonde zima linamsikiliza, na kwamba siri ya ghala lake iko nje, juani. Akageuza uso.

Aliyetangulia kusema ni Tembo. "Mzee," alisema kwa haya, "kwangu pia tunapunguza. Tangu mwezi uliopita."

"Sisi tunachemsha majani," alisema Swala.

"Mimi nilidhani ni kwangu tu!" alisema Nyani, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zikose.

Walikwenda kwa Fisi wote pamoja. Pangoni walikuta nyama iliyokaushwa na kurundikwa hadi juu, maharage kwenye mitungi, na unga, vyote alivyoviiba kidogo kidogo kutoka ghalani kwa Simba alipokuwa akijifanya anakagua panya. Fisi akatwikwa magunia yote, akayarudisha kwa miguu yake mwenyewe, kiuno kikimshuka kwa uzito na mwarobaini ukimsokota tumboni. Alipotua gunia la mwisho, alitokomea vichakani, na hakuna aliyemuuliza habari za watoto.

Tangu hapo wake wa Mkwajuni wakawa wanatembeleana bila kuona haya. Mke wa Sungura alifundisha kuloweka maharage. Mke wa Tembo, aliyejua njia ya magadini kunakopatikana chumvi, alichukua vikapu vya wenzake wote, safari moja ikaleta chumvi ya bonde zima. Bi Simba alipika kwa kipimo, na kila alipopika alirudisha konzi moja ya unga kwenye mtungi wa akiba. Kiporo kikawa staftahi ya watoto, nao wakarudia mieleka yao mpaka ua ukavunjika.

Na Simba? Simba alibaki Simba. Mgeni akija, alimpa bakuli la uji kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kufika mlimani, "Kunywa, bwana! Katika bonde hili hakuna anayebana matumizi kama mimi!"

Mvua za masika ziliponyesha, ghala la Mkwajuni ambalo halikuwa na kitu lilikuwa moja tu, la Fisi. Mtoto wa mwisho wa Simba alimuuliza mama yake jinsi ghala kubwa kama lao lilivyokaribia kwisha bila mtu kuona. Bi Simba alimfuta uji mdomoni, akamjibu:

"Bandu bandu huisha gogo."