Zimwi Lililolala Kwenye Kakao

Sogeeni karibu, ngano imebisha hodi. Subilaga, mjane wa Kyela, alizoea kuuza kakao mbichi siku ileile ya kuvuna, kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Jioni moja ya mvua likaja zimwi linatetemeka. "Mama, nifunike." Akalilaza ndani ya lundo la mbegu, akalifunika kwa majani ya mgomba.

Mnunuzi akapita na baiskeli. "Wewe, lete mbichi."

"Kuna mgonjwa amelala humo."

Akaja kesho yake, akajibiwa hivyohivyo. Akaja mtondo, hivyohivyo, ingawa chungu cha Subilaga kilikuwa kitupu.

Siku ya sita zimwi likaamka limepona, likaaga. Chini yake mbegu zilikuwa zimechachuka na kuiva kwa joto lake, kakao ya thamani kuliko mbichi. Subilaga akazianika, harufu ikajaa njia nzima. Mnunuzi akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia.

"Mama, unauza bei gani?"